Mndimu Ulionuka Bila Kuguswa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa sikuogopa mbwa, sikuogopa giza, wala sikumwogopa mwalimu wetu wa hesabu ambaye darasa zima lilimkimbia. Niliogopa mti mmoja tu, na mti wenyewe ulikuwa mndimu, mfupi, wenye miiba mingi na matunda machache, nyuma ya nyumba yetu ya Kinoo, nje kidogo ya mji. Leo nikiwasimulia watu wanacheka. Nami hucheka pamoja nao.

Baba alikipata kile kiwanja kwa urahisi kwa sababu hakuna aliyetaka kupakana na shimo. Nyuma yetu palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, na kila masika yalijaa maji ya kijani. Ua wa michongoma ulikomea pale mndimu ulipoanzia. Nusu ya matawi ilikuwa upande wetu, nusu ilining'inia juu ya shimo, na sisi watoto tulikatazwa kupita shina lake. Mama ndiye aliyeupanda. Mche aliutoa kwa baba yake kule Mutuini, akaubeba mapajani hadi Kinoo ukiwa ndani ya kopo la maziwa.

Mama alikuwa Mkikuyu aliyesilimu alipoolewa. Baba alikuwa mtu wa Lamu, karani katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini, Biashara Street. Babu, baba yake Baba, alifariki sisi sote tukiwa Lamu kumwuguza, tukarudi na mkewe, Bibi, akaishi nasi. Bibi alikuja na sanduku la mbao, na leso zake, na imani ambazo hazikuwa katika kitabu chochote nilichowahi kukifungua.

Katika ukoo wao, maji ya kumkoshea maiti yalitiwa majani ya ndimu. Kwa hiyo Bibi hakuuona mndimu kuwa mti wa matunda. Kwake ulikuwa mti wenye kazi, na alituambia kazi hiyo waziwazi, kama mtu anavyomweleza mgeni choo kiko wapi.

"Jani la ndimu halinuki ovyo," alisema. "Likiwa mtini limetulia, halina harufu. Ukilisikia lanuka na hapana aliyeligusa, jua mti wajitayarisha. Kuna mtu wa nyumba hiyo ataka kukoshwa."

Na dawa yake ilikuwa hii: madirisha yafungwe, walio ndani wakae pamoja, isomwe Yasini mpaka harufu iishe. Na mtu yeyote asitajwe kwa jina. Ukimtaja mtu wakati ule, umemkabidhi kwa mauti.

Sasa fikiria mambo ya nyumba ile, maana Mama alikuwa na tabia ya kuchuma jani moja la mndimu kila asubuhi na kulitia katika chai yake ya rangi. Bibi aligeuza uso ukutani. Siku moja nilimsikia akinong'ona kwamba mke wa mwanawe anakunywa maji ya maiti. Mama alisikia pia, akamalizia kikombe chake polepole, akakiosha. Alikuwa amemwahidi Baba kwamba hatabishana na mama mkwe, na ahadi hiyo aliishika kwa meno.

Ilikuwa Jumamosi ya masika. Baba alikuwa amemwahidi ndugu yangu Hamadi, aliyekuwa na miaka mitano, kwamba atampeleka mjini kununua viatu vya Idi. Baada ya chakula cha mchana tuliwaona wakitoka wote wawili, Hamadi katika kanzu yake, akiruka madimbwi. Yaliyotokea langoni tulikuja kuyajua jioni. Baba alitazama wingu lililokuwa likitoka upande wa Limuru, akaona mtoto ataloa bure, akamwambia arudi kwa mama yake, viatu ataletewa. Akamwona amegeuka, naye akaenda zake. Hamadi aligeuka kweli, lakini alikuwa amenuna, na mtoto aliyenuna hapendi kuonwa. Alizunguka nyumba kwa nje akaenda kurusha mawe shimoni.

Sisi tulijua yuko mjini na Baba.

Bibi alikuwa sebuleni akichambua mchele kwenye ungo, mimi mbele yake na daftari la shule. Harufu ilikuja ghafla kupitia dirisha la nyuma. Haikuwa harufu ya tunda, ile ya kukufanya umeze mate. Ilikuwa mbichi, kali, yenye uchungu ndani yake, na ilijaza chumba kabla sijainua kalamu. Mkono wa Bibi ulibaki ndani ya mchele.

"Nani ameugusa mndimu?"

"Hakuna, Bibi."

"Mamako?"

"Yuko jikoni, anakuna nazi."

Aliinuka akaenda dirishani. Nilimfuata nikachungulia chini ya mkono wake. Uani palikuwa patupu, hapakuwa na upepo. Matawi ya upande wetu yalikuwa yametulia kabisa, na harufu ilikuwa inazidi.

"Hapana mtu," alisema Bibi, tena kwa sauti ndogo. "Subhanallah. Hapana mtu."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Alifunga dirisha la kwanza, akakosa komeo la dirisha la pili, akalipata, akamwita Mama kwa kupiga makofi, kwa maana jina lake alishaogopa kulitamka. Mama alikuja na mikono iliyolowa tui.

"Mama, hiyo ni mbuzi ya Mama Kamau, huyu jirani," alisema alipoelezwa. "Huwa inapitia huko kando ya shimo, inakula zile matawi zimeinama. Hata jana nimeifukuza."

"Mbuzi!" alisema Bibi. "Kila kitu kwenu ni mbuzi. Keti, wewe."

Mama aliketi. Mvua nayo ikaanza, na kama umewahi kukaa chini ya mabati wakati wa mvua ya Kinoo, unajua kwamba ndani husikii hata mtu aliye mkekani pamoja nawe akikohoa. Bibi alikuwa na sauti kubwa. Alifungua msahafu akaanza Yasini, nami niliyeijua nusu nikafuata, na pale nisipojua nilichezesha midomo.

Harufu haikuisha. Ilipita katika nyufa za dirisha, ikapungua, tukadhani imekwisha, kisha ikarudi upya kama vile mtu ameileta mkononi. Kila iliporudi, Bibi alipandisha sauti. Tulimaliza Yasini tukaanza tena. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yangu, nikipitisha nyuso za watu wetu mmoja mmoja kichwani, bila majina. Bibi yuko hapa. Mama yuko hapa. Walio nje ni wawili, na wako barabarani. Nilimwona ndugu yangu amelala kando ya lami na viatu vipya miguuni. Niliona hata rangi ya viatu. Nilitaka kumwuliza Mama kama basi limefika salama, nikauma ulimi, kwa sababu swali lenyewe lisingekwenda bila jina.

Mama hakuwa akitazama msahafu. Alikuwa akitazama dirisha lililofungwa, akivuta hewa puani kidogokidogo. Harufu iliporudi mara nyingine, aliinuka, akachukua ufagio.

"Hii mbuzi itamaliza mti yangu."

"Ukifungua mlango huo," Bibi alisema bila kuinua macho, "atakayekufa ni juu yako."

Mama alisimama na mkono kwenye komeo. Nilimwona kwa nyuma tu, mabega yake yakipanda na kushuka. Tangu Bibi aje nilikuwa sijamwona akimkatalia neno. Kisha alisema, taratibu kabisa, "Nisamehe, Mama. Mti ni yangu," akatoka kwenye mvua.

Nilikimbilia dirishani nikafungua ufa. Mama alikuwa anavuka matope, ufagio juu, akipiga kelele, "Shuu! Toka! Toka hapo!" Alifika kwenye shina, akainama, akatazama chini upande wa shimo. Ufagio ulimwanguka. Sauti iliyomtoka kwanza haikuwa neno lolote. Halafu akaita:

"Hamadi!"

Na mimi, Mungu ananiona, nilichofikiri ni kwamba Mama amemuua. Ndugu yangu alikuwa mjini akinunuliwa viatu, na mama yetu amesimama chini ya mti ule anamtaja kwa jina. Nililia kwa nguvu zangu zote: "Mama, usimtaje! Usimtaje!"

Bibi aliufunga msahafu, akauweka juu ya rafu, akatoka nje miguu mitupu, bila buibui. Tangu aje Kinoo hakuwahi kuvuka mlango bila buibui.

Nilipofika ukingoni nilielewa, lakini mwili ulikataa kuamini. Udongo ulikuwa umemeguka na Hamadi ameteremka nao. Alikuwa chini yetu, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki, vidole vya miguu vimesimama kwenye kipande cha jiwe lililotokeza ukutani, na chini yake maji ya kijani yakipigwa na mvua. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania tawi lililoinama. Mwingine ulikuwa umekamata majani usoni mwake, pale kwenye pua. Miiba ilikuwa imemwingia viganjani. Alitutazama. Hakulia, hakuita, hakusema "Mama". Macho yalikuwa wazi kabisa na mdomo umefungwa. Mpaka leo nikifumba macho naona ule mdomo uliofungwa.

Mama alilala kifudifudi kwenye matope, akanyoosha mkono, haukufika. Bibi alikuwa tayari anavua leso, moja ya mabegani na moja ya kiunoni, akabaki na gauni la ndani lililoshikana na mwili wake mwembamba. Alizifunga ncha kwa ncha, akafanya kitanzi, akampa Mama. Kisha akakaa juu ya miguu ya Mama, akaishika kwa mikono yote miwili. Mimi nilimshika yeye kiunoni.

"Weka mkono hapa ndani," Mama alimwambia Hamadi. "Achilia hiyo majani. Hamadi! Weka mkono!"

Hamadi hakusogea. Alimtazama Mama kama mtu anayetazama kitu cha mbali.

"Hamadi!" Bibi aliita juu ya kichwa changu, na sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikisoma Yasini, ila imepasuka. "Hamadi wangu! Achia, baba! Achia majani, ushike leso ya bibi yako! Achia!"

Ndipo akaachia. Aliingiza mkono katika kitanzi, halafu kichwa, halafu mkono wa pili, na tukamvuta. Alipofika juu Mama alimpiga kofi, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka nikaogopa atamvunja. Hamadi alianza kulia wakati huo, kilio cha kawaida cha mtoto aliyepigwa, na sijawahi kusikia sauti iliyonifurahisha kiasi kile.

Bibi alibaki ameketi kwenye matope. Viganja vyake alivielekeza juu, kama mtu aliyemaliza dua na asijue la kufanya navyo.

"Nimemfungia dirisha," alisema. Hakuwa akimwambia mtu. "Nimemfungia kwa mkono wangu."

Baba alirudi jioni na viatu. Alitukuta wote wanne kwenye mkeka mmoja, Mama akitoa miiba kwenye viganja vya Hamadi kwa sindano. Alisimama mlangoni na boksi lake, na tulipomweleza alikaa chini palepale kizingitini akiwa na koti la mvua.

Ungetegemea mambo yaishie hapo, imani ianguke na sote tuerevuke. Wapi! Baada ya siku chache wanawake wa jirani walikuja kutupa pole, na nikamsikia Bibi akiwaambia kwamba mti ulionya na onyo likawa la kweli, maana si palikuwa na mtu wa nyumba hii kwenye mlango wa kaburi? Wengine wakasema bibi huyu ana macho ya ndani. Mama Kamau yeye alichokuja kusema ni kwamba mbuzi wake alifungwa kutwa nzima na asisingiziwe. Mama aliwamiminia chai. Nilikasirika kwa niaba yake, na hasira ile sijaimaliza yote. Ila niliona pia kwamba dirisha la nyuma halikufungwa tena, hata katika baridi ya Julai, na Bibi alikuwa akiliangalia kabla ya kulala ahakikishe liko wazi. Kwa mdomo hakuwahi kukubali kitu.

Miaka ilipita. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea mimea, na kuna siku mhadhiri alitugawia majani ya ndimu tuyainue kwenye mwanga. Tuliona vitone vidogovidogo, kila kitone kifuko cha mafuta. Jani likiwa zima, mafuta hukaa ndani. Likichanwa, likiliwa na kiwavi, vifuko hupasuka na mafuta huruka hewani mara moja. Tena wako nyigu wanaoifuata harufu ya jani lililojeruhiwa mpaka wampate kiwavi. Nilitoka darasani nimepigwa na butwaa. Bibi alikuwa amepatia nusu nzima ya habari bila shule: jani lililotulia halinuki. Alichokosea ni kufikiri kwamba lipo linalonuka bila kuguswa.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimtafuta Hamadi, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na minane akifanya kazi dukani na Baba, tukaingia kwenye mkahawa mdogo nyuma ya Biashara Street tukaagiza chai na mahamri. Nilimwelezea vifuko, mafuta, nyigu, yote. Alikuwa akitafuna na kuitikia kwa kichwa.

"Kwa hivyo ukishika tawi tu, ukae bila kusonga, harufu inaisha?" aliuliza.

"Ingeisha upesi. Ndiyo maana sielewi mbona siku ile ilikuwa ikirudi tena na tena."

"Mi ndio nilikuwa naisaga."

"Ulikuwa unasaga nini?"

"Majani. Na vidole. Makusudi." Aliweka hamri chini. "Wacha nikuambie kitu, lakini Bibi asijue. Uniapie."

Niliapa.

"Mwanzo sauti ilikataa kutoka. Nikasikia dirisha inafungwa. Halafu ingine. Sauti ilipotoka mvua ishaanza, nikawaita sana. Nikasikia mmeanza Yasini. Sasa, mimi Yasini nilikuwa nimeisikia lini? Tulipoenda Lamu, Babu amelazwa pale katikati ya chumba. Nikajua ni mimi nasomewa. Nikajua nishakufa, na ndio maana nawaita na hakuna mtu anasikia. Basi nikanyamaza."

Kikombe changu kilikuwa nusu ya njia kwenda mdomoni. Hakikufika.

"Lakini sikuwa na hakika," aliendelea. "Babu nilimwona na pamba puani. Nikafikiria, maiti hawezi kunusa. Nikasaga jani, nikanusa. Ikanuka. Nikasema bado. Ikianza kupotea naogopa, nasaga ingine."

Watu walipita nje na mizigo yao, mhudumu akaja akaenda, na mimi niliketi pale nikiwa na miaka tisa tena, nimeshika miguu yangu chini ya mabati. Mtoto wa miaka mitano ananing'inia juu ya maji, anasaga jani kuhakikisha kwamba yu hai. Harufu inatufikia ndani. Tunashtuka, tunapandisha sauti ya Yasini. Anasikia, anaogopa zaidi, anasaga jani jingine. Sisi na yeye tulikuwa tukitishana hivyo, ukuta mmoja tu katikati, na kila mmoja alikuwa akifanya lile aliloliona la kumwokoa.

"Na ulijua saa ngapi kwamba hujafa?" nilimwuliza mwishowe. "Mama alipokuita?"

Alitikisa kichwa. "Hata maiti huitwa. Babu watu walikuwa wanamwita na wanalia. Ni Bibi aliponiambia niachie. Maiti haambiwi afanye kitu. Nikajua, kumbe bado nahitajika."

Nilirudi Kinoo jioni ile. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho yamepungua nguvu, akanijua kwa mwendo.

"Nduguyo hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Anakusalimu."

"Amekula?"

"Amekula."

Nilikuwa nimeapa. Tena nilikubaliana na Hamadi kwa moyo wote: mwanamke wa umri ule, mwambie kwamba Yasini yake ndiyo iliyomnyamazisha mjukuu wake shimoni, na utakuwa umemuua wewe mwenyewe. Kwa hiyo tulifunga midomo, tukajiona watu wazima wenye huruma. Zilipita siku nyingi kabla sijaona tulichokifanya. Habari ile ilikuwa moja, na haikukatika vipande. Huwezi kumficha kwamba sauti yake ilimfanya mtoto ajione maiti bila kumficha pia kwamba ni sauti hiyohiyo iliyomrudisha. Kwamba Mama aliita na hakusogea, na yeye alipoita aliachia.

Bibi alifariki miaka michache baadaye, akiamini kwamba yeye, siku ile, alifunga dirisha tu.